Seva Iliyoanguka Kila Usenge Ikikatika

Nyinyi vijana wa kompyuta mna bahati, na bahati hiyo imewaharibu kidogo. Programu ikianguka mnaiwasha upya, mnaagiza chai, mnasema ni mtandao. Mimi nilifanya kazi hii Kisumu wakati hatukuwa na mtandao wa kuulaumu. Kulikuwa na mashine, kulikuwa na waya, na kulikuwa na mtu. Mashine haiwezi kufukuzwa kazi, na waya hauwezi kuitwa ofisini kujieleza, kwa hiyo lawama zote zilimwangukia mtu. Nataka niwaambie jinsi nilivyomtwika mama wa watu lawama isiyokuwa yake, na jinsi nilivyokwenda mwenyewe kumtua.

Naitwa Saumu, mzaliwa wa Kaloleni, Kisumu. Sikusomea kompyuta hata siku moja. Miaka ya themanini nilikuwa mpiga taipu, na nilikuwa na tabia mbaya ya kufungua mashine ikikwama badala ya kuita fundi. Siku moja fundi akanikuta nimetandaza vyuma vya taipu juu ya gazeti. Alikuwa Mzee Nashon, mtu wa Nyakach, mrefu, na miwani yake alikuwa ameifunga mkono mmoja kwa waya wa shaba. Nilidhani atanisema. Akachuchumaa karibu nami, akaangalia vile vyuma, akaniuliza nani amenifundisha. Nikamwambia hakuna. Akasema, "Inaonekana." Kuanzia hapo nikawa mwanafunzi wake.

Mzee Nashon alikuwa hataki kabisa kuambiwa kwamba kitu kimeharibika. Ukimwambia "Mzee, mashine imeharibika," anakutazama juu ya ile miwani mpaka unaona aibu. "Nyathina," angesema, kwa maana ya mwanangu, "hiyo naona. Wewe niambie ilikuwa inafanya nini ikiharibika." Nilikuwa nachukia swali hilo, kwa sababu kila mara lilinifanya nirudi kuangalia upya, na mimi ni mtu wa haraka.

Haraka yangu iliua kompyuta ya kwanza niliyokabidhiwa. Nyinyi mnaokaa Kisumu mnawajua wale wadudu wa ziwani, wanaotoka majini kama moshi na kuingia kila dirisha lililo wazi. Walikuwa wakijazana kwenye feni ya kompyuta mpaka inakataa kuzunguka. Mimi, kwa akili zangu nyingi, nikaifunika mashine kwa kanga ya mama yangu, nikaibana na pini ili hata mdudu mmoja asipite. Kufika adhuhuri mashine ilikuwa ya moto kuliko sufuria, ikazima, na haikuamka tena. Mzee Nashon akaifunua kanga pole pole, akayasoma maandishi yake, akaniuliza kama nilikuwa nailaza mashine ipumzike. Halafu akanionyesha la kufanya: wavu unawekwa dirishani, mashine inaachwa ipumue. Kanga ile mama aliivaa miaka mingi baadaye, na kila akiivaa aliniuliza kompyuta inaendeleaje.

Basi turuke mpaka katikati ya miaka ya tisini. Mzee Nashon alikuwa amestaafu, na mimi nilikuwa nimeajiriwa na kampuni moja ya kununua samaki pale Kisumu, ambayo sitaitaja jina. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufanya. Samaki wananunuliwa pwani ya ziwa, hasa Usenge. Barafu inatoka ghala letu la Kisian. Malori yanatoka Mamboleo. Vitu hivyo vitatu visipokutana saa inayotakiwa, mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, anaoza, na mbuta akioza hakuna anayehitaji kuambiwa, kwa maana harufu inafika ofisini kabla ya ripoti.

Kwa hiyo tuliweka mashine moja kubwa ofisini Kisumu, ndiyo seva, na kila kituo kikapewa skrini, kibodi na modemu, yaani kile kisanduku kinachoifanya simu ipitishe kazi ya kompyuta. Mtu wa Usenge akibonyeza herufi kule, herufi inaingia kwenye mashine yetu Kisumu, na anachokiona mbele yake ni skrini ya Kisumu. Leo mnafanya hivyo mkiwa mmelala kitandani, hamshangai. Sisi tulishangaa. Siku ya kwanza karani wa Mamboleo alitoka nje kutazama kama kuna waya mrefu unaoelekea mjini.

Programu ya kuwapokea wateja na kuwaachia niliiandika mimi. Wateja ndivyo tulivyoziita zile skrini za mbali. Na hapa ndipo penye kosa langu, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Programu nilizowahi kuziona za kutoka ng'ambo zilikuwa hazina adabu. Ukitoka, skrini inazimika tu, kama mtu aliyekufungia mlango usoni. Mimi nimelelewa Kaloleni. Nyumbani kwetu mgeni hatoki bila kusindikizwa, hata kama alikuja kuazima chumvi. Nikaona haifai. Nikaandika kwamba mtu akiondoka, seva imuage kwa jina, mathalani, "Kwaheri Mama Perpetua, siku njema," kisha iwaambie waliobaki, "Usenge ameaga." Watu walipenda sana. Karani wa Mamboleo alikuwa akijibu "asante" kila jioni, na asante hiyo haikuwa ikifika popote. Nilijiona mwandishi wa programu wa kwanza mwenye heshima katika mkoa mzima.

Ikaenda vizuri wiki kadhaa. Halafu asubuhi moja, saa nne, seva ikaanguka. Simaanishi ilipungua kasi. Ilianguka, skrini zote zikaganda, na maagizo yote ya asubuhi ambayo hayakuwa yamehifadhiwa yakapotea. Nikaiwasha. Siku mbili baadaye ikaanguka tena. Wiki iliyofuata ikaanguka mara tatu, na mara moja kati ya hizo lori la barafu lilikwenda pwani isiyo yake wakati mbuta wa Usenge wanapigwa jua. Meneja wetu, Bwana Ogutu, mtu wa shati jeupe na maneno machache, alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Kusimama kwake kulitosha.

Seva ilikuwa inaandika kila jambo kwenye faili, jambo baada ya jambo. Nikaisoma faili ile. Kila ilipoanguka, mstari wa mwisho ulikuwa huo huo: Usenge ameondoka. Haukuwa Kisian wala Mamboleo hata mara moja. Mara zote Usenge. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwa sababu nimepata jibu na jibu hilo halinihusu. Nikaandika ripoti kwa Bwana Ogutu: "Hitilafu inasababishwa na mtumiaji wa Usenge, ambaye hafuati utaratibu wa kutoka katika mfumo." Niliipenda sentensi hiyo. Niliisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi.

Mtumiaji wa Usenge alikuwa mtu. Alikuwa Mama Perpetua, mpima samaki, mjane, mwenye watoto wawili sekondari. Bwana Ogutu alipoisoma ripoti yangu aliamua siku hiyo hiyo. Perpetua afanye kazi mpaka Ijumaa, na Ijumaa arudishe funguo za stoo ya mizani. Atatafutwa mtu anayejua kuzima mashine.

Mimi nikaenda nyumbani, nikala vizuri, nikalala.

Jumanne asubuhi Mama Perpetua akatokea ofisini Kisumu. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na mkononi alikuwa na furushi la gazeti. Akaja moja kwa moja mezani kwangu, akaliweka furushi mbele yangu. Lilikuwa la omena kavu, wale dagaa wa ziwani, safi kabisa. Huendi kwa mtu mikono mitupu, hata kama unakwenda kumgombeza. Alinipa omena kwanza, nikashukuru, kisha ndipo akaanza.

"Nyar Kaloleni," akasema. Alikuwa akiniita hivyo siku zote, msichana wa Kaloleni. "Ni wewe umeniandika?"

"Mama, ilikuwa ripoti tu ya..."

"Ripoti tu? Mimi nimepima samaki hapo Usenge miaka kumi na nne. Sijawahi kuiba hata mkia! Leo nafukuzwa juu ya kuzima mashine vibaya? Na mimi sizimangi!"

Nikapandisha sauti kidogo, kwa sababu nilikuwa na faili ya ushahidi. "Mama, mashine imeandika. Kila ikianguka, ni wewe umetoka."

"Nimetoka wapi? Mimi natolewa! Nakatwa!"

"Unakatwa na nani?"

"Na huyo jamaa ya simu! Nikiwa katikati ya kazi anaingia kwa laini anauliza, 'Usenge, mmemaliza?' Sasa hiyo modemu itamjibu nini? Inajua kusema bado? Yeye anasikia tu makelele, krrr, krrr, anafikiria laini imeharibika, anachomoa. Mimi nimekaa hapo mikono iko juu ya kibodi. Halafu watu ya Kisumu wanasema Perpetua amezima."

Kwanza nilicheka, kwa sababu nilimwona yule opereta akiisubiri modemu imjibu. Halafu kicheko kikaniishia mdomoni. Nyinyi hamkuiona simu ile. Usenge ilikuwa haiwezi kupiga Kisumu moja kwa moja. Ulikuwa unainua mkono wa simu, unapata opereta kwenye swichibodi, na yeye kwa mkono wake anachomeka waya wako kwenye tundu la Kisumu. Akiona mmekaa sana, anasikiliza kidogo, anauliza kama mmemaliza, kwa nia njema tu, maana kuna wengine wanangoja. Kisian na Mamboleo wao walikuwa karibu na mji, wanapiga wenyewe bila opereta. Na stima, yaani umeme, ikipotea kwao, kwetu nayo ilikuwa inapotea, hivyo seva inalala pamoja nao na hakuna anayejua kingetokea nini. Kwa hiyo katika vituo vyote vitatu, mtu pekee aliyekuwa akikatwa katikati ya neno alikuwa Perpetua.

Lile swali la Mzee Nashon likanipiga kama kofi. Ilikuwa inafanya nini ikiharibika? Mimi nilikuwa nimeuliza nani alikuwepo. Sikuuliza ilikuwa inafanya nini.

Nikakumbuka pia nilivyoijaribu programu yangu kabla ya kuitoa. Niliingia, nikafanya kazi, nikabonyeza kitufe cha kutoka, nikaagwa, nikaridhika. Mara mia pengine. Nilikuwa nimeijaribu kama mtu mwenye adabu tu. Sikuwahi kumjaribu mteja anayekatwa.

Nikasimama. Pale ofisini tulikuwa na skrini ya ziada ya majaribio, imeunganishwa na modemu kama ya vituo. Nikaingia kwa jina la Usenge, nikaandika maneno mawili matatu, halafu nikaushika waya wa simu nikauchomoa ukutani.

Seva ikaanguka.

Perpetua alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba wake magotini. Akainua mikono yote miwili ili ofisi nzima iione. "Umeona? Mimi niko hapa. Niko hapa na nyinyi. Sasa hiyo ni nani amezima vibaya?"

Niliona aibu ambayo sijaisahau. Nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya watu, na yeye akaupokea kwa kutikisa kichwa mara moja tu, kwa sababu msamaha haukuwa umezirudisha funguo. "Maneno ni sawa," akasema. "Lakini Ijumaa iko wapi?" Ijumaa ilikuwa siku tatu mbele.

Nikachapa programu yote kwenye karatasi, ile karatasi ndefu yenye matundu pembeni, nikaitandaza sakafuni kutoka mezani mpaka dirishani. Nilitaka Perpetua aende akapumzike kwa dada yake. Akakataa. Akavua viatu, akaketi sakafuni upande wa pili wa karatasi, akasema, "Nieleze. Mimi ndio nafukuzwa, nataka kujua nafukuzwa na nini."

Ikabidi nieleze. Nikamwambia seva ina orodha, na kila anayeingia anapewa nafasi yake kwenye orodha hiyo, tuseme anapewa kiti. Mtu akiondoka kwa kukatwa, jina lake linafutwa na kiti chake kinatolewa, ili nafasi hiyo ya mashine itumiwe na kazi nyingine. Baada ya hapo, nikamwambia, seva inakwenda kumuaga kwa jina, kisha inazunguka kwa waliobaki kuwaambia kwamba ameondoka. Nilikuwa naeleza haraka haraka, kidole kikiteremka kwenye karatasi.

"Ngoja," akasema Perpetua. "Rudi nyuma. Si umesema kiti yake imeshatolewa?"

"Ndiyo."

"Na jina imefutwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Sasa huyo mtu unamuagia wapi?"

Nilitazama karatasi. Nilitazama sana. Vijana, nimefanya kazi hii miaka mingi, nimekaa na wataalamu wenye digrii tatu tatu, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri kuliko hilo. Kwa anayetoka kwa kitufe, kuaga kulikuwa kunatangulia. Kwa anayekatwa nilikuwa nimepanga mambo kinyume: namwondoa kwanza, ndipo naenda kumuaga. Seva ilikuwa ikienda kwenye kiti ambacho hakipo tena, mahali ambapo pengine pameshawekwa kitu kingine, inajaribu kusoma jina hapo, na inaanguka. Heshima yangu ya Kaloleni ndiyo iliyokuwa ikiua seva. Mama Perpetua hakuhusika hata kidogo.

Nilimkumbatia. Nikapiga kelele. Nikarekebisha: muage kwanza, ndipo umwondoe. Nikaingia tena, nikachomoa waya kwa madaha, nikageuka kumtazama Perpetua kabla hata ya kutazama skrini.

Seva ikaanguka.

Hapo nilikasirika, nisiwadanganye. Niliipiga meza mpaka omena zikaruka. Kutwa nzima ya Jumatano nilisaga meno, nikijua kilichobaki na sitaki kukikubali. Laini ikishakufa, mfumo wa mashine hauruhusu programu iendelee kuongea nayo. Ukituma neno hata moja kwenye laini iliyokufa bila kuuonya mfumo, unaiua programu yako yote. Kwa hiyo aliyekatwa hawezi kuagwa kabla wala baada. Hasikii, ameshakwenda. Ile kwaheri niliyojivunia haikuwa na mahali pa kukaa, na mimi nilikuwa nahangaika kuitafutia mahali kwa sababu ni yangu na watu waliisifu. Alhamisi asubuhi nikaitoa. Aliyebonyeza kitufe cha kutoka aliendelea kuagwa kama zamani. Aliyekatwa, seva ilimwekea alama tu, haikumtumia neno, haikugusa kiti chake, ikawaambia wenzake kwamba amekatika, na ilipomaliza kuwazungukia wote ndipo ilipokiondoa kiti, mwisho kabisa, wakati hakuna tena mwenye haja nacho.

Shikeni hilo, maana litawafaa hata kwa mashine zenu za leo. Usimwondoe mtu kwenye orodha huku bado unaizunguka orodha hiyo. Weka alama, maliza mzunguko, ndipo ufagie. Na programu yako usiijaribu kwa wapole peke yao. Chomoa waya. Zima katikati ya neno. Fanya ufidhuli wote ambao dunia itakuja kuufanya, ufanye wewe kwanza ukiwa umekaa karibu nayo.

Nilichomoa waya mara ishirini asubuhi ile. Seva ilisimama mara ishirini. Nikaandika barua ya pili kwa Bwana Ogutu, nikampelekea mwenyewe.

Akaziweka barua zangu mbili kando kando juu ya meza. "Bibi Saumu, hizi zote sahihi ni yako. Hii inasema ni Perpetua. Hii inasema si Perpetua. Mimi niamini gani?"

"Ya pili, Bwana."

"Kwa nini?"

"Ya kwanza niliiandika nikiwa nimekaa tu. Ya pili nimeiandika baada ya kuchomoa waya."

Alifikiri kidogo. "Hapa ofisini hata mimi naweza kuchomoa. Lakini samaki hazitoki hapa ofisini. Kesho saa nne nitakaa mbele ya hiyo seva. Kisian wawe ndani, Mamboleo wawe ndani, kazi iwe moto. Usenge wakatike, simu ya Usenge kabisa. Ikianguka hata mara moja, funguo zinarudi kama nilivyosema."

"Ikianguka, Bwana, niandike mimi. Usimwandike yeye."

"Hiyo tutaona kesho," akasema.

Ningeweza kubaki Kisumu nikaitazama seva yangu. Nilichagua Usenge. Nilikuwa nimemwandika Perpetua nikiwa mbali naye, sikutaka kumtetea nikiwa mbali. Ijumaa alfajiri nikapanda lori la barafu, mimi na yeye tumebanana mbele na dereva.

Tulipofika, omena zilikuwa zimeanikwa kwenye nyavu chini, kina mama wamejiinamia wakizigeuza, na wanunuzi wamesimama karibu na mashua wakibishana. Ofisi ya Perpetua ilikuwa chumba cha mabati chenye mizani, meza, na jenereta nje. Kabla ya kuwasha chochote alitoa funguo za stoo kwenye mkoba wake, akaziweka mezani, tayari. Nilitaka kumwambia azirudishe. Sikuwa na haki hiyo bado.

Habari zilikuwa zimeenea. Kina mama wanne watano waliacha omena wakaja kusimama mlangoni. Opereta akatuunganisha, modemu ikaimba wimbo wake, na skrini ikaandika, "Karibu Usenge." Perpetua akaagiza barafu, akaingiza uzito wa samaki wa asubuhi, vidole vyake vikienda vizuri kabisa, mtu ambaye eti hakujua utaratibu. Saa nne ikafika.

"Chomoa, Mama," nikasema.

"Chomoa wewe. Mkono yangu isipatikane hapo."

"Ni wewe uliyeandikwa. Ni wewe utakayejisafisha. Chomoa."

Akautazama ule waya. Akawatazama wale kina mama. Akamtaja Nyasaye, yaani Mungu, kwa sauti ya chini, akauvuta waya, na skrini yetu ikaganda.

Nikachomeka simu ya kawaida kwenye laini ile ile. Opereta akaingia papo hapo. "Usenge, mmemaliza?"

"Bado!" nikapiga kelele. "Nipe Kisumu, haraka, tafadhali!"

Simu ikalia mara moja. Bwana Ogutu akainua.

"Bwana, iko?"

Nilisikia kiti chake kikilia. Nilisikia printa ikifanya kazi.

"Iko," akasema. "Imeandika Usenge amekatika. Kisian anaitisha malori. Mamboleo anamjibu. Iko tu, inaendelea."

Sikumbuki nilivyowaambia wale kina mama. Nakumbuka sigalagala, vile vigelegele vya kina mama wa ziwani, vilivyoruka kutoka mlangoni mpaka kwenye mashua, na wanunuzi wakageuka kuuliza nani ameolewa. Nililia wazi wazi. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kwa programu yoyote, na nimeandika nyingi.

"Rudia," akasema Bwana Ogutu.

Tukarudia. Opereta akaunganisha, Perpetua akaingia, akaandika, akachomoa. Seva ikasimama. Tukarudia tena. Mara ya nne Bwana Ogutu akacheka, jambo ambalo ofisini hatukuwahi kulisikia, akasema, "Basi. Mwambie Mama akae na funguo zake."

Perpetua alikuwa ameegemeza sikio karibu na simu. "Aniambie mwenyewe," akasema.

Nikampa simu. Akasikiliza, akasema "Ndiyo, Bwana," akasikiliza tena, akasema "Ndiyo," kisha akazichukua zile funguo akazitia ndani ya gauni lake. Alipoweka simu chini alinigeukia. "Hiyo barua ya pili unayo?"

Nilikuwa na nakala. Akaniambia niisome kwa sauti, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imesomwa na watu wengi. Nikasimama mlangoni mbele ya kina mama wenye magamba ya omena mikononi, nikasoma: seva ilianguka kwa kosa la programu, programu iliandikwa na mimi Saumu, na aliyeliona kosa hilo ni Perpetua wa Usenge. Wakanifanya nisome mara mbili, na mstari wa mwisho mara tatu.

Nilipokunja karatasi nilisikia opereta akiunganisha. Perpetua alikuwa amerudi kwenye kiti chake bila kuombwa na mtu. Aliingia, akaandika barafu ya mchana, akautazama waya kidogo, na akauchomoa. Akauchomeka, akaomba Kisumu, akaingia, akauchomoa tena. Wale kina mama walikuwa wanahesabu kwa Kijaluo. Walipofika kumi opereta alishindwa kuvumilia, akapaza sauti kwenye simu tukamsikia sote.

"Usenge! Nyinyi watu mna nini leo?"

Perpetua akauvuta mkono wa simu karibu na mdomo.

"Tunafurahi, Bwana," akasema. "Unganisha tena."